Akida Ndani ya Godoro

Kabla sijajua kusoma nilijua kubeba kitanda. Nisemapo kitanda, msomaji asikumbuke kile cha kamba alichozaliwa juu yake. Hiki kilikuwa kitanda cha Mdachi, na Mdachi wa siku zile alikuwa kama kobe, hatoki bila nyumba yake. Tofauti ni kwamba kobe hujibebea mwenyewe.

Mzigo wenyewe ulikuwa hivi. Kitanda cha kukunja, cha vyuma na turubai. Godoro lililojazwa manyoya ya farasi, nami naapa kwamba farasi mwenyewe alikuwa bado yumo ndani. Mablanketi matatu ya nchi ambayo jua lake ni gonjwa. Mito miwili kwa kichwa kimoja, na hadi leo sijapata mtu wa kunieleza ule wa pili ulikuwa wa nani. Chandarua. Vyote hivyo huviringishwa pamoja vikatiwa ndani ya turubai jeupe, vikakazwa kwa mikanda minne ya ngozi yenye bizimu za shaba. Kinachotoka hapo ni bunda refu kuliko mimi na nene kuliko shangazi yangu wa Kivinje, Mungu amrehemu, ambaye milango yote ya mji ule aliiingia kwa ubavu.

Bunda hilo halikukaa kichwani kwa mtu. Lilifungwa kwenye mpiko, mti mnene wa kubebea begani, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mbele nilikuwa mimi, kijana wa vilima vya Kipatimu, mabega mapana na akili nyembamba. Nyuma alikuwa Mmwera mmoja wa Rondo, mrefu, mkimya, ambaye akifungua kinywa ujue kuna mtu ataumia. Miezi mitano tulibeba usingizi wa mtu mwingine tukipanda na kushuka vilima vya Umatumbi, na sisi wenyewe tulilala juu ya mkeka mmoja, miguu nje.

"Mwenzangu," Mmwera aliniambia siku moja, tukipanda kilima ambacho hata mbuzi hukipanda baada ya kushauriana, "huyu bwana amekuja kututawala?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Mtu asiyeweza kulala chini?"



Kazi ya Mdachi ilikuwa pamba. Kila mtu aliacha mtama wake ukaliwa na nguruwe, akaenda kulima pamba ya serikali. Na kwa kuwa Mdachi hakuwajua watu wala hakutaka kuwajua, aliwekewa akida, mtu wa pwani ya Mrima, mfupi, mnene, mwenye kilemba kikubwa, mwandiko mzuri wa Kiarabu na kiboko cha ngozi ya kiboko. Mdachi aliagiza pamba, akida akaagiza migongo.

Sasa nimtaje kaka yangu, kwa sababu habari hii ni yake, ingawa sehemu kubwa hakuwepo. Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa mkulima asiyeweza kulima vibaya. Mkono wake ulikataa. Basi ubaya akautia jikoni. Mbegu za pamba alizopewa alizichemsha chunguni zikaiva kama kunde, kisha akazipanda kwa mstari ulionyooka kuliko barabara ya Mdachi, akapalilia, akaziimbia. Hakikuota kitu. Akamwendea akida kwa majonzi makubwa, akamwambia ardhi ya Umatumbi haijazoea wageni. Akida akainama, akafukua mbegu moja, akaibonyeza. Ikapondeka.

Kaka alipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, akavishwa mnyororo wa shingo, akapelekwa gereza la Kilwa Kivinje.

Mwezi wa pili baada ya hapo Mdachi akashikwa na homa. Akapelekwa pwani kwa machela, na kwa kuwa alikuwa amelala humo humo, kitanda akatuachia tukilinde kambini mpaka atakaporudi. Hakurudi. Asubuhi moja watu waliokuwa wamekunywa maji ya dawa, yale yaliyosemwa yatazigeuza risasi kuwa matone, waliingia mashamba ya pamba wakaanza kung'oa. Ngoma zilijibizana kilima kwa kilima. Sisi wawili tulikaa juu ya bunda letu kama kuku juu ya mayai ya bata, tusijue tunalinda nini na kwa nini.

Ndipo akida alipoingia mbio. Kilemba hana. Kiatu kimoja.

"Nificheni, wanangu."

"Tangu lini sisi wanao?" Mmwera akauliza. "Jana tulikuwa washenzi."

"Basi washenzi wanangu! Nificheni!"

Mimi nilikwisha nyanyua mkono kuwaonyesha watu alipo; nasema kweli, sijitengenezei jina. Lakini akida alijua mahali pa kunishika.

"Kaka yako," akasema. "Neno langu ndilo lililomfunga na neno langu ndilo litakalomfungua. Nifikishe Kivinje mzima, naye atatoka. Wallahi."

Mkono ukashuka wenyewe. Sikujua herufi hata moja, ila hili nililijua: vita hivi vikishuka pwani, serikali itatafuta shingo za kunyonga, na itaanza na zile ambazo zimekwisha kuvaa mnyororo. Kaka yangu alikuwa na siku chache. Na ufunguo wake ndio huu mbele yangu, ufunguo mnene, unaotoka jasho.

Nikamtazama Mmwera.

"Mimi nina kaka gani Kivinje?" akasema.

"Una mimi."

Akainama kulegeza mkanda wa kwanza. "Basi nabeba upande wa miguu," akasema. "Upande wa kichwa una mdomo."

Tukatoa kitanda, mablanketi na mto mmoja. Wa pili akida aliung'ang'ania, nami nikajua angalau mtu mmoja duniani anafahamu kazi yake. Tukamlaza juu ya godoro, tukamkunja kama tambuu, yeye akiwa popoo, tukapitisha turubai na mikanda. Ili apumue nilimtilia kinywani bua la jani la mpapai, lile lenye tundu toka huku hadi huku ambalo watoto hulifanyia zumari, ncha yake ikachungulia kwa juu kiasi cha kidole. Tukaondoka tukijua la kusema: hiki ni kitanda cha Mdachi, tunampelekea mwenyewe. Hesabu nzuri kabisa, ila tuliipiga bila kuwauliza wenye vita.

Jua halijapanda sana tulikutana nao njiani, vijana wenye majani kichwani, mikuki na magobori. Nyuma yao moshi. Walikuwa wanachoma vitu vya karani wa pamba: meza, kiti, mwavuli, hata beseni la kunawia, ambalo lilikuwa la bati na lilikataa kuungua, na mmoja alikuwa analipiga kwa rungu kwa ukaidi wake. Nikatambua kwamba siku hiyo hapakuwa na neno baya katika nchi nzima kuliko "kitanda cha Mdachi".

"Mmebeba nini?"

Ulimi wangu ukanitangulia. "Maiti."

Wakarudi nyuma hatua mbili.

"Wa nani?"

"Mpagazi mwenzetu. Mngindo."

"Ameuawa na nini?"

 Mmwera akajibu, taratibu, kutoka upande wa miguu: "Ameuawa na akida."

Mpiko ulitetemeka begani mwangu, na aliyetetemeka si mimi wala Mmwera.

Vijana wale wakatikisa vichwa kwa uchungu. Mmoja akachukua kibuyu chake cha dawa, akalimwagia bunda lote kuanzia kichwani hadi miguuni. "Akiamka," akasema, "apigane." Basi na aandike anayeandika historia kwamba akida wa serikali naye alinyweshwa maji, kwa bua la mpapai, na alikohoa. Nikakohoa naye mpaka tukapinda kona.

Kule vilimani maiti wa ugenini hukimbiwa, na safari ilikuwa nyepesi, ukiacha uzito. Siku ya pili tuliteremka bondeni kwenye vijiji vya watu waliosilimu, na huko maiti hukimbiliwa. Mila hiyo wanaijua wote waliokulia pwani: ukiona jeneza linapita, huulizi la nani. Unaacha jembe, unaweka bega, unabeba japo hatua saba, unapata thawabu zako, unampokeza mwingine. Sisi tulikuwa tumesahau. Tulipokata shamba la kwanza, mtu mmoja aliona bunda jeupe, refu, juu ya mpiko, watu wawili wamechoka. Akapiga kelele. Wakatoka watu kumi, arobaini, mia, na nikiendelea kuhesabu watakuwa elfu, kwa sababu furaha yangu haikuwa na kipimo. Mpiko ukaondoka begani mwangu wenyewe. "La ilaha illa Llah!" wakaitikia, na akida akaanza kwenda pwani kwa mwendo ambao Mdachi hajapata kubebwa.

Nilikuwa natembea mikono mitupu, nikipunga hewa. Yule mtu alihitaji askari wanne na kiboko ili kikapu kimoja cha pamba kivuke kijito. Leo watu walikuwa wanasukumana wambebe, bure, wakimwombea Mungu.

"Maisha yake yote," Mmwera akaninong'oneza, "angekufa tu, kazi yake ingekwenda."

Kijiji cha tatu walituweka barazani, wabebaji wapumzike na sala ya adhuhuri ipite. Imamu wao, mtu mpole, akataka maiti aoshwe na azikwe hapo hapo, maana joto lile na maiti haviwezi kukaa pamoja. Nikamwambia kuna wasia: marehemu alitaka alazwe kando ya mama yake, Kivinje. Imamu akakuna ndevu. "Wasia ni wasia," akasema, akaenda zake msikitini, nami nikashusha pumzi.

Niliishusha mapema. Kosa langu lilikuwa limekaa pale linaningoja. Katika makabila yote ya nchi hii, Wamakonde, Wamachinga, Wayao, mimi nilimfanya maiti wangu Mngindo, kisha nikamleta katika kijiji cha Wamatumbi wenzangu. Na sisi na Wangindo ni watani. Na mtani hafi peke yake. Lazima watani zake waje msibani wamkejeli, wamwigize, wamzuilie njia, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Nilikuwa mpagazi wa miezi mitano, nimekwisha kusahau kwamba ni Mmatumbi.

"Mngindo?" sauti ikalia kutoka uani. "Nimesikia kuna Mngindo?"

Akatoka bibi mmoja, mkavu kama kuni, macho yanacheka kabla ya mdomo. Akalala chini mbele ya bunda, kifudifudi, mikono kaitandaza.

"Hapiti! Wangindo wamenilia kuku wangu tangu enzi za babu zao! Nilipeni kuku, ndipo aende kuzimu!"

Watu wakaangua kicheko. Mmwera akampa kipande cha tumbaku. Bibi akakinusa, akakitia kwenye pindo la kaniki yake, akaketi. "Hiki ni cha kuku mmoja," akasema. "Amekufa na nini mlafi huyu?"

"Ameuawa na akida, bibi."

Kicheko kikakatika. Kisha bibi akasimama taratibu, akavunja miko kama mtani anavyopaswa. Akajifunga kitambaa kichwani mara tano, akatia ungo tumboni ndani ya nguo, akaokota fimbo. Naapa akida mwenyewe alikuwa hajifanani vile.

"Mimi ndimi akida!" akanguruma, akitembea kwa visigino. "Leteni pamba! Leteni kuku! Leteni mayai, na yakiwa hayajatagwa mleteni jogoo ajieleze! Mbwa huyu wa nani? Amebweka mara ngapi? Na atoe kodi ya kubweka!"

Watoto walijikunja. Vijana wakashikana mabega. Akalipiga teke bunda kwa ncha ya kidole: "Wewe! Kufa umeruhusiwa na nani? Amka, hujamaliza mstari wako!"

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni, jembe mapajani. Alisubiri kicheko kiishe, akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba mkewe alishikwa na uchungu katika shamba la serikali, akaomba atoke, na akida akasema akamilishe mstari kwanza. "Alikamilisha," akasema yule mtu. "Mtoto hakukamilisha."

 Mimi nikatazama bunda. Halikutikisika. Nilitaka litikisike, Mungu anisamehe. Kisha nikamkumbuka kaka yangu, na shingo yake.

Bibi ndiye aliyetutoa. Kazi ya mtani ndiyo hiyo, huzuni ikizidi anaimwaga. Akaliona bua la mpapai. "Na hiki?"

"Cha kutokea roho," nikasema. "Mila ya Kingindo."

"Roho ya Mngindo haitoki bila ugoro!" Akatoa kopo lake, akatia kiganjani ugoro wa kutosha kumpigisha chafya tembo, akaupuliza wote ndani ya bua.

Nikafumba macho. Ndani ya godoro kulikuwa na ukimya wa kwanza, ukimya wa pili, kisha bunda zima likaruka kama samaki. Chafya ilitoka kwa bua, ikapiga mluzi. Papo hapo Mmwera akapiga chafya yake, kubwa, ya kutisha, na nyingine, na nyingine, akajipiga kifua, akalaani ugoro, akalaani vumbi, akaliangukia bunda likatikisika kwa halali. Watu wakamcheka yeye. Watu wote, ila bibi.

Bibi alichuchumaa karibu nami. Sauti yake ilikuwa nyingine.

"Mjukuu wangu, umebeba nani humu?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nao mwingi. Lakini yule mtu mwenye jembe alikuwa hatua kumi kutoka pale, na bibi alikuwa anaangalia upande wake. Neno moja tu kwake, na safari yetu, na akida, na kaka yangu, vyote vinakwisha pale barazani.

"Nimembeba kaka yangu, bibi," nikasema. "Yuko kwenye mnyororo Kivinje. Huyu ndiye atakayemtoa."

"Na asipomtoa?"

"Nitamrudisha kwako."

Akainuka, akajinyoosha, akageuka tena mtani. "Wamatumbi!" akaita. "Mngindo huyu anasafiri, na hamjamuaga! Kila mtani na ampe yake moja, ya safari!" Na yeye akaanza. Ile fimbo ilishuka juu ya godoro la Mdachi kwa nguvu ambazo sijui mkono ule ulikuwa umezihifadhi wapi. Wakafuata vijana, wakafuata akina mama kwa michi. Wa mwisho alikuja yule mtu wa jembe. Alipewa fimbo, akaishika, akaitazama, akaiweka chini. Akalibeba bunda upande wa kichwa, peke yake, hatua saba, akaenda zake.

Mpaka leo sijui alijua au hakujua. Mmwera anasema alijua.

Tuliingia Kivinje siku ya tatu, alasiri, tukiwa na msafara ambao masultani wangeuonea wivu. Tukawashukuru watu kwenye ukingo wa mji, tukawaambia jamaa watatupokea, tukaingiza bunda katika ua wa shangazi yangu aliyekuwa akichoma vitumbua. Nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo. Aligeuza kitumbua kimoja, akauliza, "Ameshiba?"

Tulilegeza mikanda miwili ya juu, tukamtoa kichwa na mikono tu. Uso wake ulikuwa kama nyanya iliyosahauliwa mfukoni. Godoro lilikuwa limelowa, na si kwa dawa peke yake. Shangazi akaazima karatasi na kalamu ya mwanzi kutoka chuo cha Kurani jirani, akida akaandika huku amekaa nusu ndani ya turubai kama kifaranga kinachototolewa. Mwandiko mzuri, naukubali. Akapuliza wino, akanipa.

"Mpe karani wa boma. Nimeandika, mfungueni huyo mtu, alifungwa kwa makosa. Sasa nitoeni."

Nilikuwa nimefika mlangoni, barua mkononi, moyo unapiga vigelegele, nikakutana na mwalimu wa chuo anakuja kudai kalamu yake.

"Barua?" akasema, kama watu wa elimu walivyo, hawawezi kuona karatasi wasiipitie. Akasoma. Akakohoa. Akanitazama kwa huruma, akasoma kwa sauti: "Baada ya salamu. Mleta barua hii na mwenzake mrefu ni waasi, wamenitesa siku tatu. Wafungeni pamoja na yule mliye naye."

Hapo ndipo nilipoapa kujifunza kusoma. Kiapo kilichukua miaka mingi kutimia, nilifuzu shule ya usiku nikiwa na wajukuu wawili darasani mwangu ambao walifuzu kabla yangu. Lakini mwalimu wangu aliponiuliza siku ya kwanza kwa nini mzee kama mimi anataka kusoma, nilimjibu: ili nijue ninachobeba.

Sikupiga kelele. Tulirudi ndani. Mmwera alisikia, akaanza kukaza bizimu moja baada ya nyingine.

"Mwalimu," akasema, "makaburi yako upande gani?"

"Lakini huyu si mzima?" mwalimu akashangaa.

"Sisi tulidhani hivyo. Ila vijiji vyote toka bondeni vimembeba. Vimemwitikia. Kuna mashahidi mia mbili, Waislamu safi, kwamba amekufa. Sisi wawili ni nani tuwabishie?"

"Hata mimi namwona amekufa," shangazi akasema, akafuta mikono, akaja akalikalia bunda. Nilisikia hewa yote ikitoka kwa akida kama mfuko wa mhunzi. Kutoka chini ya shangazi sauti nyembamba ikaomba karatasi nyingine.

Barua ya pili ilisomwa na mwalimu mara tatu, na akatia salamu zake pembeni. Nikaenda nayo, Mmwera na shangazi wakabaki na maiti, kwa sharti kwamba kaka asipofika kabla ya magharibi, kutakuwa na mazishi.

Karani wa boma alisoma, akachukua funguo. Kaka yangu alitoka amepinda, shingo ina alama kama ya kamba ya ng'ombe. Akanitazama kama asiyeniamini. Kabla hajasema neno, Mdachi wetu mwenye homa akatokea ngazini, njano kama embe, akanitambua. Wilaya ilikuwa inaungua. Watu wake walikuwa wanakufa na watu wetu walikuwa watakufa zaidi, kwa risasi ambazo hazikugeuka matone, kisha kwa njaa aliyoileta yeye kwa kuchoma ghala. Akaniuliza swali moja.

"Kitanda changu kiko wapi?"

Hivyo ndivyo akida alivyofunguliwa: si kwa huruma, ni kwa sababu godoro lilihitajika. Tulimfungua, akatambaa, akatoka kwa mlango wa nyuma na mto wake. Mimi na kaka, niliyemsimulia yote njiani, tukalipeleka godoro boma, tukasema vyuma vimebaki kambini. Mdachi akaligusa. "Limelowa nini?"

"Maji, bwana," kaka akasema, kwa upole.

Alirudi nyuma kama aliyegusa kaa la moto, na nasikia majuma mawili alilala juu ya meza.

Akida naye alisimulia mji mzima jinsi alivyopenya katikati ya waasi kwa upanga. Hatukumbishia. Fedheha ni mnyororo mzuri, haushiki kutu, na ncha yake nilikuwa nayo mimi. Kaka hakusumbuliwa tena. Vita vilipokwisha, waliobaki wakashuka kutafuta chakula pwani, na yeye akakaa kwa shangazi, nyumba ya tatu kutoka kwa akida. Hakuwahi kumtukana wala kumtazama vibaya. Alimsalimu shikamoo kila asubuhi, kama kijana mwenye adabu. Ila mvua za kwanza zilipoanguka, alichukua jembe, akapanda mipapai kuzunguka ua wote wa yule bwana, mstari ulionyooka, akapalilia, akaiimbia.

Mbegu zile hakuzichemsha.